Mabweni ya kuishi na kujifunza pamoja katika vyuo vya Marekani: soma hapa kabla kijana wako hajajaza fomu ya malazi

#1 Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam.

Kila ifikapo Aprili na Mei hupokea ujumbe kutoka kwa ndugu na jamaa ambao vijana wao wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, na karibu wote hukwama mahali pamoja, nako ni kwenye fomu ya malazi. Ada wanaielewa, viza wanaihangaikia, lakini wakifika kwenye fomu hiyo wanakuta orodha ya mabweni yenye majina kama jumuiya ya uhandisi, jumuiya ya uongozi, jumuiya ya mazingira au nyumba ya lugha, kisha kijana anaulizwa iwapo angependa kupangiwa huko. Nimeona niandike mara moja, kwa urefu, ili siku nyingine niwe naelekeza watu hapa.

Mimi mwenyewe niliishi katika bweni la namna hiyo mwaka wangu wa kwanza, na baadaye, nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili, nilifanya kazi ya ulezi wa bweni kwa miaka miwili katika chuo kingine. Kwa hiyo jambo hili nimeliona nikiwa mlalaji na nikiwa mshika funguo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Wanafunzi wenye fani au hamu inayofanana, kwa kawaida wa mwaka wa kwanza, hupangwa katika ghorofa moja au jengo moja. Husajiliwa pamoja katika kozi moja au mbili. Na mhadhiri mmoja au zaidi hupewa jukumu la kuwa nao karibu nje ya darasa. Yaani kuna kitanda, kuna kozi na kuna mwalimu. Hoja yangu ni kwamba mwalimu ndiye anayeupa utaratibu huu uzito wake, na ndiye ambaye vyuo vingi humtangaza kwenye vipeperushi bila kumleta bwenini.

Fikra hii si ngeni. Oxford na Cambridge zimewaweka walimu na wanafunzi ndani ya ua mmoja kwa karne nyingi. Huko Marekani, jaribio ambalo wataalamu hupenda kuanzia ni la Alexander Meiklejohn, mwanafalsafa aliyekuwa ameondolewa kwenye urais wa chuo cha Amherst mwaka 1923, na ambaye mwaka 1927 alifungua chuo kidogo cha majaribio ndani ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Vijana wake, wote wa kiume, waliishi katika jengo la Adams Hall karibu na ziwa Mendota, na walimu wao walikuwa na ofisi humo humo. Mwaka wa kwanza walisoma ustaarabu wa Athens ya kale, mwaka wa pili wakasoma Marekani ya wakati wao, bila kukatiwa masomo vipandevipande. Chuo hicho kilifungwa mwaka 1932, katikati ya mdororo wa uchumi, kikiwa na wapinzani wengi ndani ya chuo kikuu chenyewe. Wakati huohuo tajiri Edward Harkness alikuwa akitoa fedha za kujenga nyumba za wanafunzi Harvard, ambazo za kwanza zilifunguliwa mwaka 1930, na za Yale zilizofuata mwaka 1933.

Hivyo, hata hivyo, vilikuwa vyuo vya watu wachache. Vyuo vya umma vilibanwa miaka ya 1960, idadi ya wanafunzi ilipofumuka hadi kijana wa mwaka wa kwanza akawa namba tu katika ukumbi wa watu mia kadhaa. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kilijibu kwa kujenga vyuo vidogo ndani ya mabweni yake. Mwaka 1967 kilianzisha James Madison, cha masuala ya siasa na utawala, katika jengo la Case Hall, na Lyman Briggs, cha sayansi, katika Holmes Hall. Holmes Hall ina vyumba vya kulala, ina madarasa, ina ofisi za wahadhiri na ina maabara. Mwanafunzi wa kemia anashuka kwa lifti kwenda maabara bila kuvaa koti, jambo ambalo mtu aliyewahi kuvuka uwanja wa chuo huko Michigan mwezi wa Januari hatalidharau.

Sasa niseme niliyoyaona mwenyewe.

Katika bweni nililoishi, mhadhiri wetu wa kemia alikuwa akija kula nasi chakula cha jioni kila Jumanne. Majuma mawili ya mwanzo alikula karibu peke yake, kwa maana wanafunzi walikuwa wakipita na sinia zao huku wakijifanya wanasoma simu. Juma la tatu kijana mmoja aliyetoka kwenye familia ya wakulima alikaa mbele yake na kumuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini jibu lake la maabara lilikuwa hasi. Mwalimu hakumjibu. Alichukua kitambaa cha karatasi, akachora kopo la maji na mishale miwili, akamkabidhi kalamu. Walibishana mpaka wahudumu wakaanza kupandisha viti juu ya meza. Kitambaa kile kilibandikwa kwa sumaku kwenye jokofu la jiko la ghorofa yetu na kilikaa pale mpaka Mei, kikiwa na doa la mchuzi wa nyanya kwenye mshale wa pili. Kuanzia Jumanne iliyofuata, aliyechelewa alikosa kiti katika meza ile.

Chuo nilichokuja kufanyia kazi kilikuwa na ghorofa ya uongozi. Kulikuwa na picha kubwa ukutani, fulana za rangi moja, na majina ya wanafunzi milangoni kwenye karatasi zilizokatwa kwa umbo la mnara wa taa. Mhadhiri mlezi alikuja mara moja, mwezi wa Agosti, akapiga picha na wanafunzi. Kozi ya pamoja ilifutwa wiki ya pili kwa sababu ratiba ziligongana. Ilipofika Oktoba, kilichoitofautisha ghorofa ile na nyingine zote ni ile minara ya karatasi, nayo ilikuwa imeanza kudondoka. Wanafunzi wale walikuwa wamelipia ada ya ziada.

Utafiti unasemaje? Utafiti mkubwa wa kitaifa juu ya jumuiya hizi uliongozwa na Karen Inkelas, ukikusanya taarifa mwaka 2004 na 2007 katika makumi ya vyuo. Kwa jumla, wanafunzi wa jumuiya hizi walieleza kwamba kuzoea maisha ya chuo kulikuwa rahisi zaidi kwao, lakini tofauti nyingi hazikuwa kubwa, na programu zilitofautiana mno zenyewe kwa zenyewe. Pia kuna mtego ambao yeyote aliyewahi kufanya utafiti ataung'amua mara moja: anayechagua kuishi katika jumuiya ya masomo huenda tayari ni mtu wa kupenda masomo, hivyo huwezi kusema kwa yakini kwamba bweni ndilo lililomfaa.

Ndiyo maana mimi huuthamini zaidi utafiti wa Bruce Sacerdote uliochapishwa mwaka 2001. Katika chuo cha Dartmouth wanafunzi wapya walikuwa wakipangiwa wenzao wa chumba kwa bahati nasibu, kwa hiyo hakukuwa na suala la ndege wa rangi moja kuruka pamoja. Aligundua kwamba mwenzako wa chumba anagusa alama zako na uamuzi wako wa kujiunga na vyama vya kijamii vya wanafunzi, ila hagusi uchaguzi wako wa fani. Anayelala kitanda cha pili ana uzito, basi, ila si wa kukuchagulia maisha.

Karibuni tujadili.

#2 Mzazi, Mwanza

Ndugu mwanzisha uzi, Mungu akubariki, kwa maana umeandika juu ya jambo lililoninyima usingizi wiki nzima. Binti yangu amepata nafasi ya kusoma uhandisi wa ujenzi, na fomu inamtaka ajibu kabla ya Ijumaa iwapo ataingia jumuiya ya wasichana wa sayansi na uhandisi. Ada yake ni ya ziada, na kwetu si ndogo. Yeye ni mtoto wa maneno machache, na nina hofu mbili zinazopingana: akiwekwa peke yake atajifungia chumbani, na akiwekwa katika kundi atakosa pa kujificha. Naomba ushauri wa mtu aliyeishi huko.

#3 Mwanzisha uzi

Mama, hongera kwanza kwa malezi, maana nafasi hiyo haikuja yenyewe.

Jumuiya za wasichana wa sayansi zina sababu yake. Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha ya kwake mwaka 1993, wakati ambapo msichana katika darasa la uhandisi aliweza kukaa muhula mzima bila kuwa na msichana mwenzake kwenye kundi lake la maabara. Mtoto wa maneno machache mara nyingi hufaidika zaidi kuliko msemaji, kwa sababu halazimiki kwenda kuomba msaada. Ataukuta ukiendelea jikoni saa nne usiku, watu wanne wakihangaika na swali lile lile alilokwama nalo, naye atasimama pale akisubiri maji yachemke, kisha atakaa.

Lakini usilipe kabla hajaandika barua pepe kwa ofisi ya malazi. Aulize mhadhiri anayehusika ni nani na huja bwenini mara ngapi kwa mwezi. Wakimjibu kwa sifa za jumla badala ya jina na siku, hilo ni jibu tosha. Aulize pia ni kozi zipi watakazosoma pamoja, na kama zimekwishaingia kwenye ratiba. Kisha aulize kama anaweza kuhama muhula wa pili asipopapenda, na ada ya ziada itakuwaje.

Kuna swali jingine ambalo halihusiani na jumuiya lakini limewaliza wengi: je, bweni hufungwa wakati wa Krismasi? Mengi hufungwa. Wenzake watakwenda kwao kwa gari, naye nauli ya Mwanza haipo. Mimi Disemba ya kwanza nililala kwenye kochi la familia moja ya Wakenya ambayo nilikuwa nimeifahamu kwa siku tisa tu.

#4 Mchangiaji

Mwanzisha uzi ameandika vizuri, lakini amelikwepa jambo zito. Vyuo hivyo hivyo vina mabweni yaliyopangwa kwa misingi ya asili ya watu. Cornell kuna bweni linaloitwa Ujamaa, Stanford kuna jingine la jina hilo hilo, na yote mawili yanahusu Waamerika weusi. Watu walipigwa virungu ili watoto weusi na weupe wakae darasa moja, halafu leo mtu anavuka bahari kwenda kuishi katika nyumba iliyotengwa, tena kwa kutumia neno la Mwalimu Nyerere! Naona huko ni kujitenga kwa hiari, na kijana anayetoka Tanzania hana sababu ya kuingia humo.

#5 Mchangiaji, mwalimu wa historia

Ndugu yangu wa #4, hoja yako ina wenyewe hata huko Marekani. Katikati ya miaka ya 1990 shirika moja la haki za raia la New York lilipeleka malalamiko kwa serikali ya shirikisho dhidi ya nyumba za namna hiyo za Cornell, na malalamiko hayo yakatupwa. Nyumba ya Ujamaa iko wazi kwa mwanafunzi wa asili yoyote anayetaka kuishi humo. Lakini naomba tuanze mbali kidogo, kwa sababu jina lile halikubandikwa mlangoni kwa mapambo.

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1969, msalaba ulichomwa moto kwenye baraza la Wari House, nyumba waliyoishi wasichana weusi wa Cornell. Kwa Mmarekani mweusi, msalaba unaowaka ni salamu ya Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi lililowatisha na kuwaua watu weusi. Siku iliyofuata, ikiwa ni wikiendi ya wazazi kutembelea chuo, wanafunzi weusi waliliteka jengo la Willard Straight Hall, na walipotoka siku ya pili baadhi yao walikuwa wameshika bunduki. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia nzima. Mwaka huohuo chuo kilifungua kituo cha masomo ya Afrika na watu wake, na Aprili 1970 jengo la kituo hicho likateketezwa kwa moto. Bweni la Ujamaa lilianzishwa mwaka 1972. Tukiziweka tarehe hizo pamoja, ni vigumu kusema vijana wale waliamka tu wakataka kujitenga. Walikuwa wanatafuta nyumba ambayo mlangoni pake hapatawashwa moto.

Kuhusu jina, wakati ule Kiswahili kilikuwa lugha ya fahari kwa Wamarekani weusi wengi. Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani mweusi, alipoanzisha sherehe ya Kwanzaa mwaka 1966, alizipa nguzo zake zote saba majina ya Kiswahili, na ya nne ni ujamaa. Mwalimu alikuwa ameandika juu ya ujamaa tangu 1962, na Azimio la Arusha la 1967 lilisomwa sana na vijana wale. Nakubali kwamba maana ilibadilika njiani. Kwetu neno hilo lilihusu mashamba na viwanda, na baadaye kuhamishiwa vijijini, na kuna wazee wangu ambao hawalisikii bila kukumbuka lori. Kule Ithaca, mji wa Cornell, lilirudi karibu na mzizi wake, jamaa waishio pamoja.

Kuhusu Stanford, mfano wa kule unapinga dhana ya kutengwa. Mwaka 1988 wanafunzi waliokuwa wakiishi ndani ya Ujamaa walibishana kama Beethoven alikuwa na damu ya Kiafrika. Baada ya ubishi huo, picha ya Beethoven ilionekana imechorwa upya kwa kejeli ya sura ya mtu mweusi, na waliohusika walikuwa wanafunzi weupe. Lilikuwa tukio baya, na lilizaa mjadala wa miaka juu ya mipaka ya uhuru wa kusema, hadi kanuni ambayo chuo kiliitunga mwaka 1990 ikabatilishwa mahakamani mwaka 1995. Lakini wabishi wale walikuwa wanalala chini ya paa moja. Nyumba iliyotengwa isingekuwa na ugomvi wa namna ile.

#6 Mchangiaji, Dar es Salaam

Nimesoma yote, nikacheka kidogo, kwa maana sisi haya tulikuwa nayo bila mtu kuyapa jina. Mliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mnafahamu kubebana: mmoja amepata kitanda, mwingine amekosa, basi mnalala wawili kwenye godoro la futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Mwenzangu alikuwa anasoma sheria, mimi takwimu. Kwa miaka mitatu nimesikia kesi zote za Mahakama ya Rufani kabla ya kulala, na yeye anajua nadharia ya uwezekano kuliko wakili yeyote mjini. Kisha vimbweta, yale mabenchi na meza za saruji chini ya miti, ambapo watu hukesha karibu na mitihani wakiogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Mabweni ya Magufuli yalipofunguliwa mwaka 2017 yalileta nafasi 3,840, na tulishukuru kwa dhati, lakini mazungumzo yalikuwa ya vitanda tu. Je, kuna aliyewahi kumwona mhadhiri kwenye kimbweta saa tatu usiku?

#7 Mwanzisha uzi

Ndugu wa #6, swali lako limenipita kifua. Sikuwahi kumwona.

Hata hivyo, nisingependa vyuo vyetu viige mfumo huu kama ulivyo. Marekani vyuo vingi humtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aishi chuoni, kwa hiyo kitanda kipo, na linalobaki ni kuamua alale karibu na nani. Kwetu kitanda chenyewe ni bahati, na ukikitenga kwa ajili ya programu maalumu, utakuwa umempa mwenye alama nzuri kitanda na kumrudisha mwenzake kwenye chumba cha kupanga, mabasi mawili kutoka chuoni. Kimbweta hakina tatizo hilo. Hakiombwi kwa fomu, na mhadhiri anaweza kukikalia Jumanne moja jioni bila kikao cha seneti, ilimradi idara imhesabie saa hizo kama saa za kazi. Hapo ndipo hata Wamarekani wanapokwama, kwani mhadhiri kijana hupandishwa cheo kwa machapisho, wala hakuna kamati inayomuuliza amekula na wanafunzi mara ngapi. Yule wa kemia aliyekuwa akija kwetu alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu.

Ndugu wa #4, mwalimu wa historia amekujibu kuliko ambavyo ningeweza. Nitaongeza tu kwamba kijana wa Kitanzania akiingia katika nyumba kama ile, asitarajie kwamba atajulikana kwa sababu anajua maana ya jina lililo mlangoni. Atakuwa mgeni pale pia, na itambidi asikilize kwanza.

#8 Mzazi, Mwanza

Narudi na mrejesho. Binti aliandika barua pepe kama ulivyoelekeza, na wamemjibu baada ya siku moja. Mhadhiri ni mama wa uhandisi wa mazingira, ana ofisi ghorofa ya chini ya bweni hilohilo na yupo Jumatatu na Alhamisi jioni. Watasoma pamoja hisabati na kemia, na zote ziko kwenye ratiba. Bweni hufungwa Krismasi, lakini wasiokuwa na pa kwenda huhamishiwa jengo jingine bila malipo. Kuhusu kuhama muhula wa pili walijibu kwa kuzungukazunguka, na baba yake hakulipenda hilo. Tumekaa, tumepiga hesabu, na jana usiku amejaza fomu kwa kukubali.

Sasa anauliza kama jikoni kwenye ghorofa kuna vyombo vya kusongea ugali, au abebe vya kwake.

#9 Mwanzisha uzi

Hongereni sana. Sufuria atazikuta. Mwiko abebe.